Pesa Iko Njiani, Shaka Ni ya Nani?

Kampuni ikiagiza malipo kwa watu kupitia Daraja, API ya M-Pesa (mlango ambao programu moja hutumia kuzungumza na nyingine) ambayo Safaricom iliifungua mwaka 2017, jibu la kwanza inalolipata halisemi lolote kuhusu pesa. Linasema ombi limekubaliwa, linaambatanisha namba ndefu za kumbukumbu, basi. Habari yenyewe, kwamba mlipwaji amepata, au salio halikutosha, au nywila ya mwagizaji imekataliwa, huja baadaye. Huletwa na mfumo wa M-Pesa kwenye anwani ambayo kampuni iliitaja ndani ya ombi. Ipo na anwani ya pili ambayo ni lazima itajwe: ya kupokelea taarifa kwamba ombi limekaa kwenye foleni hadi muda wake ukaisha.

Wanaoanza kutengeneza programu za malipo huulalamikia sana mpangilio huu. Wanataka kuuliza na kujibiwa palepale, ndiyo au hapana. Mimi nauona ni uungwana. Mfumo unakiri tangu mwanzo kwamba kati ya ndiyo na hapana kuna jibu la tatu, "bado haijulikani", na unamtaka mtumaji aijenge programu yake akilijua hilo. Kinachonisumbua ni swali linalofuata, ambalo wauzaji wa huduma hizi Afrika Mashariki, wawe benki, kampuni za simu au wale wanaosimama katikati, hawapendi kulizungumzia. Jibu la tatu likidumu saa nzima, au likilala mpaka kesho yake, gharama ni ya nani?

Kwa sasa ni ya mtumaji na mpokeaji, yaani wale wawili wasio na uwezo wa kuchungulia ndani ya mitambo kujua kilichotokea. Hilo limekaa vibaya, na wala kikwazo chake si ufundi. Ufundi upo, tena wa siku nyingi. Kilichokosekana ni mtu wa kusema nani alipe.

Tuseme kampuni ya usafi yenye ofisi Ubungo inalipa mishahara tarehe 28. Mhasibu anabonyeza kitufe, programu inaanza kupeleka maombi benki, moja baada ya jingine, kila moja likiwa na jina, akaunti na kiasi. Ombi la mfanyakazi mmoja, shilingi 310,000, linaondoka. Programu inasubiri sekunde 30. Kimya. Labda mkongo umekatika, labda seva ya benki imezidiwa na tarehe 28 ya kampuni nyingine zote, labda kuna kifaa hapo kati kimejizima na kujiwasha. Upande wa kampuni hauoni lolote kati ya hayo, unaona kimya tu. Inawezekana ombi halikufika kabisa. Inawezekana pia limefika, pesa imetoka, ila jibu ndilo lililopotelea njiani wakati wa kurudi. Kwa programu iliyoko Ubungo hali hizo mbili hazina tofauti hata chembe.

Ikituma tena, huenda mfanyakazi akalipwa mara mbili. Isipotuma, huenda asilipwe. Na hakuna ujanja wa upande mmoja unaoweza kuimaliza shaka hiyo. Wanasayansi wa kompyuta walishathibitisha tangu miaka ya 1970 kwamba pande mbili zinazowasiliana kwa njia inayoweza kupoteza ujumbe haziwezi kuhakikishiana kikamilifu, hata zikitumiana uthibitisho wa uthibitisho mpaka kiama.

Jioni simu zinaanza kuita. "Dada, samahani kwa usumbufu, wenzangu wote wameshapata, mimi bado." "Kwenye mfumo inaonyesha imetoka, mdogo wangu. Hebu vuta subira mpaka saa mbili." Saa mbili inapita. Mhasibu anampigia ofisa wa benki anayeshughulikia akaunti ya kampuni, ofisa anawaandikia watu wa mifumo, watu wa mifumo wanasema wataangalia asubuhi. Mwenye nyumba aliyeahidiwa kodi leo hayumo kwenye mlolongo huo, ila naye anasubiri.

Zamani ukimtuma kondakta wa basi la Singida apeleke bahasha kwa mama, ukikaa siku mbili bila habari ulijua wa kumkaba. Kwenye API huyo wa kukabwa ndiye haonekani. Benki inasema ombi halikufika kwao. Kampuni ya katikati inasema walilipeleka. Aliyetengeneza programu anaonyesha rekodi za seva yake. Kila mmoja ana ushahidi, na hakuna muongo kati yao.

Dawa ya nusu ya tatizo hili inajulikana na ni rahisi ajabu. Kabla ya kutuma, mtumaji anatunga namba ya pekee kwa ajili ya malipo hayo, anaihifadhi kwake, kisha anaituma pamoja na ombi. Akikosa jibu, anarudia ombi lilelile na namba ileile. Mfumo wa benki ukiiona namba hiyo kwa mara ya pili haulipi tena. Unarudisha jibu la mara ya kwanza. Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni ya Marekani, ndiyo iliyowazoesha watengenezaji programu wengi duniani utaratibu huu, namba ikikaa kwenye kichwa cha ombi. Kwenye SWIFT, mtandao ambao benki za dunia hutumiana maagizo ya malipo, namba ya kufuatilia yenye herufi na tarakimu 36 imekuwa ya lazima kwa malipo ya wateja tangu Novemba 2018, nayo husafiri na malipo kutoka benki ya kwanza hadi ya mwisho bila kubadilishwa. Ujumbe wa ISO 20022, kiwango ambacho benki nyingi duniani zimehamia au zinahamia, una nafasi maalumu ya namba ya mtumaji isiyozidi herufi 35. Wala hakuna siri katika hayo.

Na Mtanzania hana haja ya kwenda SWIFT kujifunza hili, anaishi nalo. Tangu mwaka 2017 serikali imekuwa ikikusanya malipo kupitia mfumo wa GePG, na anayelipa maji, leseni, ada ya chuo cha umma au faini ya barabarani huanza kwa kupewa control namba. Namba hiyo huzaliwa kabla pesa haijatembea. Hubeba deni moja la mtu mmoja. Ulipie kwa simu, kwa wakala au dirishani benki, namba ni ileile, na bili iliyowekewa kiasi kamili ikishalipwa, anayejaribu kuilipa tena hukataliwa. Mzee wa Kondoa anayelipa kodi ya pango la ardhi kwa simu yake ya vitufe hajui chochote kuhusu uhandisi wa programu wala hahitaji kujua. Tayari analindwa na kanuni ambayo si kila API ya benki inayo: malipo hutambulika kwa namba yake.

Sasa geuza upande. Serikali inapokusanya, namba ipo. Mwenye biashara anapolipa, mara nyingi namba hutungwa na mfumo wa benki au wa kampuni ya simu baada ya ombi kufika huko. Namba ya namna hiyo haimsaidii aliyekosa jibu, kwa sababu ilikuwa ndani ya jibu lenyewe lililopotea. Daraja ilianza hivyohivyo kwa malipo ya kampuni kwenda kwa watu. Toleo la baadaye la huduma hiyo ndilo lililompa mtumaji nafasi ya kupeleka namba yake mwenyewe ndani ya ombi. Ni badiliko la mstari mmoja kwenye maelekezo ya kitaalamu, na sidhani kama lilipigiwa ngoma popote, lakini kwangu lina uzito kuliko matangazo yote ya kasi.

Pasipo namba ya mtumaji, mifumo huanza kubahatisha. Njia inayopendwa ni kuzuia malipo mawili ya kiasi kilekile kwenda kwa mtu yuleyule ndani ya dakika chache. Kwa haraka utaiona ni busara. Mfikirie mnunuzi wa dagaa pale Mwanza anayemlipa mvuvi mmoja shilingi 50,000 kwa mzigo wa kwanza, na dakika tano baadaye 50,000 kwa mzigo wa pili. Malipo halali kabisa, ya pili yanakataliwa. Halafu ile mishahara iliyorudiwa baada ya nusu saa, nje ya dakika za ulinzi, inapita salama salimini mara ya pili. Mfumo umemzuia mkweli na kupitisha kosa, kwa sababu umeulizwa swali ambalo kiasi na jina haviwezi kulijibu.

Namba inazuia kulipa mara mbili, lakini haisemi pesa iko wapi. Kwa hilo kunahitajika njia ya kuuliza, na njia hiyo ijibu. Daraja ina huduma ya kuulizia hali ya muamala. Ukiitumia, jibu la kwanza unalopata ni kwamba swali lako limekubaliwa, majibu yataletwa baadaye kwenye anwani uliyotaja. Unauliza barua yako imefikia wapi, unaambiwa barua yako ya kuuliza imepokelewa. Kimantiki hakuna kosa. Ndivyo mfumo mzima ulivyojengwa. Ila kwa mhasibu aliyeshika simu saa mbili usiku ni kichekesho kisichochekesha, na ikiwa anwani ya kupokelea ndiyo iliyokuwa na hitilafu tangu awali, majibu ya swali yatapotelea palepale yalipopotelea majibu ya malipo. Njia ya kuuliza ingefaa ijibu hapohapo, kwa mkondo uleule uliobeba swali, hata kama jibu ni "bado tunashughulikia".

Na kwa nini jibu lichelewe? Kwa sababu API haihamishi pesa. Inapokea agizo na kulikabidhi kwa mfumo wa malipo ulio nyuma yake, na mifumo hiyo haina mwendo mmoja. Marekani ni mfano mzuri, maana huko ndiko API za malipo zilikonawiri na huko huko ndiko mfumo wa nyuma ulivyo mkongwe. Mtandao wao wa ACH, unaohamisha pesa kati ya benki kwa mafungu, ulianza miaka ya 1970 na mpaka leo unatumia mafaili ya mistari yenye herufi 94 kila mmoja. Kampuni ya teknolojia inakuuzia API ya kisasa, unatuma ombi, unajibiwa kwa sekunde moja. Nyuma ya pazia agizo lako limeandikwa kwenye mstari wa herufi 94, likawekwa kwenye faili na wenzake, na faili litaondoka dirisha la kutuma likifunguliwa. Akaunti ya mlipwaji kama haipo, habari hiyo inaweza kurudi baada ya siku mbili za kazi za benki. Na ukiwa ulichota pesa kwenye akaunti ya mtu binafsi, naye akadai hakukuruhusu, benki yake ina siku 60 za kuirudisha. Muda wote huo skrini yako ina alama ya kijani. Wamarekani sasa wana mifumo ya RTP tangu 2017 na FedNow tangu Julai 2023, inayomaliza malipo kwa sekunde, lakini ACH haijaenda popote.

Kwetu mchanganyiko ni wa aina nyingine. Tanzania ina mfumo wa TISS tangu 2004 kwa malipo ya pesa nyingi kati ya benki, na TIPS ya Benki Kuu, iliyoanza kazi mwaka 2021, kwa malipo ya papo hapo kati ya benki na kampuni za simu. Kenya ina KEPSS, mfumo wa aina ya TISS, tangu 2005, na tangu 2017 ina PesaLink ya chama cha mabenki, isiyovuka shilingi 999,999 kwa muamala. Agizo moja kwenye API ya benki linaweza kupita yoyote kati ya njia hizi, au likabaki ndani ya benki hiyohiyo, na neno "tayari" likawa na uzito tofauti kila mara. Mtoa huduma makini hukwambia malipo yako yamepita wapi. Wengi wanakuonyesha alama ya kijani.

Ipo shaka ya pili, nayo ni ya nani ameagiza. Enzi za hundi, kampuni ilikuwa na sahihi mbili, karani wa benki akizilinganisha na kadi ya sahihi kabla ya kulipa. Huduma za benki mtandaoni zilirithi utaratibu huo: mmoja anaandaa, mwingine anaidhinisha, kila mmoja na nywila yake. API ikifungwa kivivu huviunganisha viwili hivyo kuwa ufunguo mmoja uliolala kwenye faili ndani ya seva. Mwenye faili ndiye mkurugenzi, ndiye mhasibu. Akiwa ni kijana wa mkataba wa miezi mitatu aliyeondoka na nakala kwenye kompyuta yake, ndiye yeye pia. Na mkataba wa benki kwa kawaida unasema agizo lolote lililokuja na ufunguo wako ni lako. Kwa mara nyingine shaka imepelekwa kwa mteja.

Aliyeonja uzito wa jambo hili kuliko wote ni Benki Kuu ya Bangladesh. Februari 2016 wezi walioingia kwenye mitambo yake walituma maagizo 35 kwa SWIFT yakiitaka benki ya Federal Reserve ya New York ilipe karibu dola milioni 951. Maagizo yalikuwa halali kwa umbo, yametoka kwenye mtambo halali. Mengi yalizuiwa, lakini dola milioni 81 zilifika kwenye akaunti za Ufilipino, na milioni 20 zilizokwenda Sri Lanka zikarudi kwa sababu kuna aliyeshtukia kosa la tahajia kwenye jina la mlipwaji. Watu hupenda kusimulia hilo la tahajia. Mimi linanivutia jingine: programu ya wezi ilihakikisha kwamba taarifa za uthibitisho kutoka SWIFT hazionekani, na printa iliyokuwa ikizichapa mjini Dhaka ikanyamaza. Ilikuwa mwisho wa juma wa Bangladesh, Ijumaa na Jumamosi, na waliokuta printa haifanyi kazi walidhani ni hitilafu ya kawaida. Wezi walielewa vizuri kuliko wahandisi wengi kwamba roho ya mfumo wa malipo iko kwenye jibu. Ukilizima jibu, agizo linaweza kuwa lolote.

Ulinzi wa upande huu unajulikana pia, na sitaukalia sana. Kikomo cha siku. Idhini ya mtu wa pili kila orodha ya walipwaji inapobadilika, si kila malipo. Anwani za seva zinazotambulika. Kila ombi litiwe sahihi ya kidijitali, jambo ambalo GePG inalidai kwa taasisi zinazounganishwa nayo tangu mwanzo. Na jina la mlipwaji lionekane kabla ya kutuma, kitu ambacho mtumiaji wa simu Tanzania amekizoea kiasi kwamba hukereka lisipoonekana, huku benki za nchi za euro zikilazimishwa kulilinganisha kuanzia Oktoba 2025 tu. Hapo tumewatangulia.

Pale walipotutangulia wao ni kwenye kuamua shaka ni ya nani. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 kanuni ya malipo ya papo hapo. Benki za nchi za euro zilipaswa kuweza kuyapokea kufikia 9 Januari 2025 na kuyatuma kufikia 9 Oktoba 2025. Muda ni sekunde 10, usiku na mchana, sikukuu na siku za kazi. Magazeti yaliziandika sana hizo sekunde. Kifungu kilicho muhimu zaidi hakina mvuto wa kichwa cha habari: benki ya mtumaji isipopata uthibitisho ndani ya muda huo, ni lazima irudishe akaunti ya mteja mara moja katika hali ambayo ingekuwa nayo kama muamala usingefanyika. Kwa maneno mengine, jibu la tatu lina sekunde 10 za kuishi. Zikipita, benki ndiyo inayokaa na shaka, mteja ana pesa yake.

India ilichukua njia ya mfukoni. Waraka wa Benki Kuu yao wa Septemba 2019 unasema pesa ikikatwa kwa mtumaji kupitia UPI, mfumo wao wa malipo ya papo hapo, bila kuingia kwa mpokeaji, irudishwe yenyewe si zaidi ya siku inayofuata. Ikichelewa, mteja alipwe rupia 100 kwa kila siku ya kuchelewa, bila hata kulalamika kwanza. Rupia 100 ni pesa kidogo kwa mtu mmoja. Zidisha kwa miamala yote iliyolala njiani siku ya mshahara, na mkurugenzi wa teknolojia wa benki anapata sababu ya kwenda kwenye bodi kuomba seva nyingine, au kuomba watu wa zamu ya usiku wanaoweza kumjibu mhasibu wa Ubungo kabla hajalala.

Hicho ndicho ninachokitaka hapa. Tanzania ina Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, na kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019. Kenya ina sheria yake ya 2011. Mkazo wa ulinzi huo ni mteja kulalamika na kushughulikiwa, na malalamiko ni njia ya polepole kwa mtu ambaye pesa yake haijulikani iliko, achilia mbali kwamba anayelalamika benki ni kampuni, ilhali anayelala njaa ni mfanyakazi asiye na mkataba wowote na benki hiyo. Benki Kuu ya Tanzania ina nafasi ambayo wengi hawana: TIPS ni yake. Malipo yakipita humo, inaona yalipoingia na yalipotokea. Inaweza kuandika kwamba kila anayeuza API ya malipo apokee namba ya mtumaji na kuiheshimu, atangaze muda wa mwisho wa kutoa jibu la uhakika, na muda huo ukipita arudishe pesa pamoja na fidia ndogo inayohesabika kwa siku. Waraka wa kurasa tatu unatosha.

Wenye benki watakuja na hoja, na moja ina uzito. Watasema mitandao yetu si ya Ulaya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba ukanda wote huu, Tanzania ikiwa miongoni mwa walioumia zaidi. Benki ilipe fidia kwa waya uliokatika chini ya bahari? Nadhani ndiyo, kwa kiasi. Fidia hii si adhabu ya kosa, ni bei ya kutojua, na kila siku inayopita baada ya mtandao kurudi ni siku ambayo benki ilikuwa na uwezo wa kuangalia na mteja hakuwa nao. Halafu malipo kutoka benki ya Dar es Salaam kwenda kwenye simu ya Dodoma yana sababu gani ya kuitegemea bahari? Bei ikiwekwa, swali hilo nalo litapata wa kulijibu.

Hoja ya kwamba gharama itarudishwa kwa wateja kupitia makato siipuuzi, ingawa makato tayari yapo na shaka bado ni yetu. Benki ndogo zinaweza kupewa muda mrefu zaidi wa kujipanga, kama Ulaya ilivyozipa nchi zisizotumia euro. Zisipewe ruhusa ya kukaa kimya.

Mpaka waraka huo uje, kampuni inayotaka kusaini mkataba wa API ya malipo ianzie kwenye mazingira ya majaribio. Mengi yametengenezwa yajibu "sawa" kila mara, jambo ambalo halimfundishi mtu kitu. Mwombe mtoa huduma akuwekee malipo ya majaribio yanayokaa kimya kwa makusudi. Tuma, kata muunganisho kabla jibu halijarudi, tuma tena kwa namba ileile, kisha angalia salio la akaunti ya majaribio limepungua mara ngapi. Halafu uliza hali ya muamala huo, uone unajibiwa nini na baada ya muda gani. Robo saa inatosha. Akikwambia mfumo wake hauwezi kufanyiwa jaribio hilo, mwulize mishahara ya tarehe 28 atakuwa anaijaribia kwa nani.